Kumbukumbu ya Askari Mzee

Masomo: Yoshua 14:6-15, tena Yoshua 15:13-19

Neno hili niliwahubiri Wakristo wa hapa, nao wakaomba liandikwe lipate kufika katika sharika nyingine pia, maana habari yake si ya Malampaka peke yake.

Tarehe 29 Oktoba 2024 Jenerali David Bugozi Musuguri alifariki Mwanza, akazikwa kwao Butiama. Huko Butiama ndiko alikozaliwa tarehe 4 Januari 1920. Basi alikuwa ametimiza miaka 104 na karibu miezi kumi. Mtu huyu alimtangulia Mwalimu Julius Nyerere kuzaliwa kwa miaka miwili, katika nchi ileile ya Wazanaki. Naye akabaki duniani miaka 25 baada ya Mwalimu kuzikwa. Katika Zaburi ya 90 mtumishi wa Mungu anahesabu umri wa mwanadamu kuwa miaka 70, na mwenye nguvu miaka 80. Mzee huyu aliongezewa 24 juu ya hiyo ya mwenye nguvu.

Labda mwauliza: Je, yafaa mchungaji kutaja habari za mtu wa vita katika karatasi ya Kanisa? Swali hili si geni. Mwaka wa 1526 Dr. Martin Luther aliandika kitabu kizima kwa ajili yake, kwa kuwa askari mmoja, Assa von Kram, alikuwa akisumbuliwa na dhamiri, akitaka kujua kama mtu wa kazi yake aweza kuokoka. Luther akamjibu ya kuwa kazi ya kulinda watu ni kazi halali, bali mtu aifanyaye aweza kuwa mwema au mwovu. Kama vile panga lifaavyo kufyeka shamba, na laweza pia kumkata jirani. Na Ungamo la Augsburg la mwaka wa 1530, katika fungu lake la 16, lasema ya kuwa Mkristo aweza kuwa askari katika vita vya haki. Tena Yohana Mbatizaji alipoulizwa na askari wafanye nini, hakuwaamuru kutupa silaha. Aliwakataza kudhulumu watu, akawataka waridhike na mshahara wao. Basi twaweza kusema habari za askari mzee bila hofu, ila tuzipime kwa Neno la Mungu.

Katika Maandiko yuko askari mzee mwenzake, naye ni Kalebu mwana wa Yefune. Na tumtazame huyu katika mambo matatu.

Neno la kwanza ni miaka yake. Kalebu alipokuja mbele ya Yoshua kuomba urithi wake alikuwa na umri wa miaka 85. Naye hakuanza kwa kujisifu. Alianza kwa kuhesabu. Alisema alikuwa na miaka 40 alipotumwa kuipeleleza nchi, na tangu hapo imepita miaka 45, naye ni Bwana aliyemhifadhi. Angalieni, ndugu zangu: mzee huyu alizihesabu siku zake, na katika hesabu hiyo alimwona Mungu. Watu wengi huzeeka, lakini si wengi wanaohesabu. Miaka huwapita kama garimoshi lipitavyo kituoni usiku, nao wamelala.

Nasi na tuhesabu habari za mzee wa Butiama. Mwaka wa 1942 aliingia katika jeshi la Waingereza lililoitwa King's African Rifles, ambalo wazee wetu walilitaja kwa herufi zake tu, K.A.R. Vita kuu ya pili ilikuwa imewaka, na watu wa Tanganyika waliokwenda vita hiyo walizidi 80,000. Musuguri alipelekwa Bukini, yaani Madagascar. Wengine walikwenda Uhabeshi, na wengine Burma, kwenye misitu na mvua na homa. Sisi wa Malampaka tunayo reli mlangoni petu, ile itokayo Tabora, iliyofika Mwanza mwaka wa 1928. Kwa njia za namna hiyo kijana aliyekuwa hajaona hata bahari alijikuta melini, akienda kupigana na watu ambao hakuwahi kuwasikia hata jina, kwa ajili ya ugomvi ambao hakuuanza yeye.

Nchi ikapata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, naye bado askari. Mwezi wa Januari mwaka wa 1964 askari wa Tanganyika waliasi, jeshi lile likavunjwa, na tarehe 1 Septemba mwaka uleule likaundwa Jeshi la Wananchi. Naye bado askari. Mwaka wa 1980 alifanywa Mkuu wa Majeshi, akashika kazi hiyo mpaka mwaka wa 1988. Tangu kuingia hata kutoka ni miaka 46. Kalebu alingoja miaka 45 baina ya kupeleleza na kurithi. Ndipo twaona ya kuwa kazi kubwa za Mungu na za nchi si kazi za msimu mmoja, kama mtama. Ni kazi za mtu kukaa mahali pake mwaka baada ya mwaka, hata pale ambapo hakuna ngoma inayopigwa kwa ajili yake.

Neno la pili ni nguvu zake, na jinsi alivyozitumia. Kalebu alipokuwa na miaka 40 walitumwa wapelelezi 12. Wote waliona nchi ileile, na miji ileile, na watu walewale warefu. Kumi wakarudi na hofu, wakawavunja watu moyo. Wawili, Kalebu na Yoshua, wakarudi na imani, na watu wakataka kuwapiga kwa mawe. Tazama, macho yalikuwa sawa. Mioyo ndiyo iliyokuwa mbalimbali.

Jambo hili tumeliona katika nchi zetu. Idi Amin wa Uganda naye alikuwa askari wa K.A.R. Alifundishwa gwaride lilelile, akavaa mavazi yaleyale, akashika bunduki za namna ileile. Mwezi wa Oktoba mwaka wa 1978 aliwatuma askari wake wakaivamia Kagera. Wakaua watu, wakateka ng'ombe, wakapora nyumba, wakalibomoa daraja la Kyaka, na raia wakakimbia na watoto mgongoni. Musuguri akapewa kuiongoza Divisheni ya 20. Silaha zilikuwa silaha, pande zote mbili. Bali huyu alikuja kupora, na yule alikwenda kurudisha. Mafunzo humfanya mtu kuwa hodari tu. Hayamfanyi kuwa mwema. Wazazi mnaowapeleka watoto shuleni na chuoni mkafurahia vyeti vyao, likumbukeni neno hili. Cheti chasema mtoto ameweza nini. Hakisemi atakitumia kwa nani.

Tena sikieni habari ya Lukaya, katika barabara itokayo Masaka kwenda Kampala, mahali penye kinamasi kikubwa. Tarehe 10 Machi 1979 majeshi ya Amin, pamoja na Walibya waliokuja kumsaidia, waliwashambulia askari wetu kwa makombora ya roketi. Wengi wa Brigedi ya 201 iliyokuwapo pale walikuwa vijana wa mgambo waliofunzwa kwa haraka. Walikuwa hawajasikia mlio wa namna hiyo tangu kuzaliwa, wakakimbia. Musuguri, aliyekuwa na umri wa miaka 59, akaiamuru Brigedi ya 208 igeuke, izunguke imjie adui kwa nyuma. Na wale vijana waliokimbia wakakusanywa tena. Alfajiri ya tarehe 11 Machi walishambulia, walewale waliokimbia, na adui akashindwa. Mwezi mmoja baadaye majeshi yetu yalikuwa Kampala.

Mimi nimetafakari sana habari ya vijana hao. Jioni walikuwa wakimbizi. Asubuhi walikuwa mashujaa. Mioyo yao haikubadilishwa kwa usiku mmoja. Ila palikuwa na mtu mzima aliyejua la kufanya, ambaye hofu yao haikumwambukiza. Hii ndiyo kazi ya mzee. Twasema, penye wazee haliharibiki neno. Kijana akikimbia katika ndoa yake, au katika imani yake, au katika kazi yake, si mwisho wake. Je, katika usharika wetu yuko mzee wa kumkusanya kabla ya alfajiri? Au tupo tu wa kumhesabu kuwa amepotea?

Wala tusifurahie vita. Katika Kaboya, Wilaya ya Muleba, yapo makaburi ya askari wetu waliokufa katika vita ile. Kila mmoja wao alikuwa na mama, na wengi walikuwa na wake, na watoto ambao hawakumjua baba ila kwa picha. Musuguri alipewa kurudi na kuzeeka, hao hawakupewa. Basi maisha marefu si mshahara wa wema, wala maisha mafupi si adhabu ya ubaya. Ni siri ya Bwana. Aliyepewa miaka mingi ana deni kwa ajili ya hao waliopewa michache.

Neno la tatu ni nyumba yake, na hapa, ndugu zangu, ndipo ninapotaka tukae kitako.

Watu wakisikia jina la Kalebu hukumbuka majitu ya Hebroni. Ni kweli, aliwafukuza wana watatu wa Anaki, akatwaa kilima. Lakini Maandiko hayakuishia hapo. Yaendelea kutueleza ya kuwa mzee huyu alikuwa na binti, jina lake Aksa. Aksa aliolewa na Othnieli, akapewa ardhi ya upande wa kusini, nchi kavu. Siku moja alikuja kwa baba yake juu ya punda, akashuka. Baba akamwuliza haja yake. Akasema, nchi uliyonipa ni kavu, nipe na chemchemi za maji. Na yule askari mzee, aliyeyashinda majitu, hakusema, "Binti ameolewa, akaombe kwa mumewe." Hakusema, "Nitawauliza kwanza kaka zako." Alimpa chemchemi za juu na chemchemi za chini.

Roho Mtakatifu ameona vema kutuandikia jambo hili dogo pamoja na habari za vita. Kwa nini? Kwa sababu ushindi usiofika nyumbani ni nusu ya ushindi. Kalebu alitwaa nchi ili watoto wake wapate maji. Na Kornelio, yule akida wa Kaisaria katika Matendo ya Mitume sura ya 10, anasifiwa ya kuwa alimcha Mungu yeye na nyumba yake yote. Na Petro alipofika alimkuta amewakusanya jamaa zake na rafiki zake waje wasikie. Askari hawa wawili walipokuwa vitani walikuwa watu wa nyumba, na walipokuwa nyumbani walikuwa watu wa Mungu.

Mambo ya ndani ya nyumba ya marehemu Jenerali twawaachia wenyewe wenye nyumba. Lakini hili lajulikana: baada ya kustaafu mwaka wa 1988 alirudi Butiama, akaishi kwao miaka mingi kama mzee katikati ya watu wake. Mkuu wa Majeshi alirudi penye migomba na mawe ya utoto wake. Na askari wa zamani wasio na vyeo wamefanya vivyo hivyo, hapa Maswa na Bariadi na Meatu: wamevua buti, wakashika jembe, wakalea wajukuu. Nani alizishika nyumba zao walipokuwa mbali? Wake zao. Wao walilima pamba na mtama, wakachunga, wakazika wazee, wakangoja barua zisizokuja. Kila tunapomkumbuka askari, na tumkumbuke na yule aliyemwekea moto ukiwaka.

Sasa nasema wazi, maana neno lisiposemwa hapa litasemwa wapi?

Jenerali alipotimiza miaka 100 watu walimheshimu, na ilikuwa haki. Lakini je, mwanamke mjane wa miaka 80 katika vijiji vyetu, naye aheshimiwa kwa umri wake? Sote twajua aibu ya nchi yetu hii ya Usukuma. Kwa miaka mingi wanawake wazee wameuawa usiku kwa mapanga, katika Shinyanga na Mwanza na huku Simiyu, wakisingiziwa uchawi kwa sababu ya macho mekundu. Na macho hayo yamekuwa mekundu kwa nini? Kwa moshi! Mama huyo ameinama juu ya mafiga miaka 60. Kuni zilipokosekana alichochea kwa samadi kavu ya ng'ombe. Moshi ulioivisha ugali wa watoto ndio uliomharibu macho. Askari huvikwa nishani kwa kuvumilia moshi wa mizinga. Na macho mekundu ya bibi ni nishani yake kwa kuvumilia moshi wa jiko. Nishani ya mmoja twaipigia saluti, na nishani ya mwingine twaifanya kuwa hati ya kifo! Bwana Mungu ataliangalia jambo hili, nalo ni ovu machoni pake.

Tena tuchimbue mpaka chini. Mara nyingi nyuma ya neno "mchawi" kuna shamba. Mzee amekufa, mjane amebaki, ardhi ni nzuri, na jamaa wanaitamani. Mtoto akiugua, mganga huulizwa, naye hujibu lile linalotakiwa. Basi mauaji hayo hayaanzi na panga. Huanza siku ile mume alipokufa bila kusema wazi kwa mashahidi ya kuwa shamba hili ni la mke wangu, na hili ni la binti yangu. Serikali imekwisha kutoa sheria. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka wa 1999 inampa mwanamke haki ya kumiliki ardhi sawa na mwanamume. Lakini Kalebu hakungoja sheria ya Serikali. Aliona binti yake amesimama karibu na punda, akaona ukavu wa nchi yake, akatoa maji. Nanyi mwajua maana ya maji, ninyi mnaowaona wake zenu wakichimbua mchanga wa mto mkavu mwezi wa Septemba.

Basi, wapendwa, tumkumbukeje askari mzee? Si kwa maneno matamu siku ya mazishi tu. Nawapa mambo matatu ya kufanya.

La kwanza, keti na wazee ungali nao. Askari wa vita ya mwaka wa 1939 hata 1945 wamekwisha kupita karibu wote. Na wale wa vita ya Kagera, aliyekuwa kijana wa miaka 20 huko Lukaya amekwisha kupita miaka 65. Vijana mjuao kuandika, nendeni kwao na daftari. Waulizeni walikula nini, walimwogopa nani, waliomba wakati gani. Namhala akizikwa na habari zake, wajukuu wamezika ghala pamoja na nafaka yake.

La pili, enyi wenye nyumba, gaweni urithi wenu mkingali na pumzi. Waiteni banamhala, iteni na wazee wa usharika, waiteni wana na mabinti pamoja, mseme na kuandika. Chemchemi za juu na za chini zitajwe kwa jina.

La tatu, lindeni wajane na vikongwe. Kila mzee wa Kanisa ajue ni bikizee gani aliye karibu naye, na anavyolala. Ukisikia neno la uchawi likinong'onwa juu ya mtu, usilipokee wala usilipitishe. Likatae waziwazi, upeleke habari kwa mchungaji na kwa mwenyekiti wa kijiji kabla ya usiku kuingia. Kunyamaza hapo si upole. Ni kumfungulia mwuaji mlango.

Na mwisho, tumtazame aliye mkuu kuliko Kalebu. Bwana wetu Yesu alikuwa katika vita iliyo kubwa kuliko zote, vita ya msalaba, akipigana na dhambi na mauti kwa ajili ya ulimwengu mzima. Hakufika uzee, alikufa kijana. Lakini katika saa ile ya maumivu, Yohana atuambia katika sura ya 19, alimwona mama yake amesimama, akamkabidhi kwa mwanafunzi wake. Na tangu saa ile mwanafunzi akamchukua nyumbani kwake. Mkombozi wa ulimwengu wote hakumsahau mama mmoja mjane. Ni nani miongoni mwetu aliye na kazi kubwa kuliko yake, hata aseme hana nafasi ya kumtazama mama?

Bwana awape raha waliolala baada ya kazi ndefu, awafariji waliobaki Butiama na kila nyumba yenye msiba. Atufundishe kuzihesabu siku zetu, tuwe nyingi au chache, na kila mzee katika nchi yetu, mume kwa mke, afe kwa siku aliyowekewa na Mungu, kitandani pake, na watoto wake wamemzunguka. Amin.

Ni mimi ndugu yenu katika huduma ya Bwana,
Mchungaji, Malampaka.